Duka lililotusaidia kuuza bunduki za marehemu baba mkwe: nyota nne, ya tano nimeizuia

Baba mkwe wangu alifariki mwaka juzi akaacha bunduki 31. Mi mtoto wa Tanga, bunduki nilizozijua ni ya askari wa benki na gobore la babu la kufukuzia nguruwe shambani, sasa nikajikuta ndo karani wa hizo 31 kwa sababu mume wangu kila akifungua lile sefu anakaa chini kimya, ile harufu ya Hoppe's ambayo mzee alikuwa anasafishia inatoka yote usoni, basi kwisha kazi. Mama mkwe akasema mwandiko wangu ndo unasomeka, niandike mimi.

Duka lenyewe ni kiduka kwenye mji mdogo magharibi ya Fort Worth, jina silitaji maana nina la kuwalalamikia na bado nataka kurudi pale. Wanauza bunduki kama maduka mengine ya Texas ila wana hii huduma ya silaha za marehemu, unapeleka au wanakuja nyumbani, wanathaminisha, halafu ama wanazinunua zote kwa mkupuo ama mnawaachia mali kauli, ikiuzwa wanakata asilimia 20 nyie mnapewa chenu.

Lalamiko nalitoa mapema nilitue. Siku ya kwanza kijana wa kaunta alizipitia zote kama anahesabu magunzi, dakika arobaini hazikufika, akasema dola 9,500 mzigo wote. Mume wangu alikuwa anakubali hivi hivi, alishachoka. Kilichotuokoa ni daftari la mzee. Daftari la shule kabisa lenye waya pembeni, kila bunduki ina mstari wake, namba, mwaka aliyonunua, alinunua kwa nani, bei, na nane kati ya hizo zina jina la mtu pembeni kwa kalamu nyekundu. Mstari wa Winchester Model 70 ameandika "kabla ya 64" akapiga mistari miwili chini. Nikamuuliza yule kijana hii maana yake nini, akaigeuza akaangalia namba, ilikuwa chini ya laki saba, yaani kweli ya kabla ya 1964, akanyamaza akaenda kumwita mwenye duka. Kumbe mwaka 1964 Winchester walibadilisha utengenezaji kupunguza gharama, na wawindaji mpaka leo za kabla ya hapo wanazitafuta kama sisi tunavyozitafuta Land Cruiser za zamani. Na yeye alikuwa ameitupia kwenye fungu la bunduki za kawaida! Sijui ni ujanja au uvivu, ila nyota yenu moja imebaki kwangu.

Mwenye duka sasa ndo sababu ya zile nne. Mzee wa taratibu, miwani imefungwa kamba, alikaa na sisi mchana mzima na daftari mbele yake. Akasema mwenyewe kwamba anayepima bei asiwe ndo huyo huyo anayenunua, tutafute mtu wa pembeni apime kwanza halafu turudi kama tunataka. Tukatafuta, tukarudi, tukawaachia mali kauli. Miezi saba baadaye tumepata dola elfu kumi na saba na kitu baada ya makato yao, linganisha na ile 9,500. Hela ilikuja vipande vipande na mara mbili ilibidi nipige simu kukumbushia, wako polepole, mjue hilo.

Kuna bastola moja ya Colt ya zamani, mama mkwe kwa mapenzi yake aliitoa sefuni wiki ya msiba akaisugua na Brasso mpaka ikang'aa kama beseni la harusi. Mzee wa duka aliishika, akaigeuza kwenye mwanga, akaangalia pale kwenye mtutu ambapo ule weusi wenye ubluu wa kiwandani ulikuwa umeondoka, akashusha pumzi, akamwambia taratibu sana kwamba ni nzuri. Mimi nilipomfuata pembeni ndo akaniambia pale nusu ya bei imeenda. Mama mkwe mpaka leo hajui na msimwambie. Kwa hiyo kutu kidogo, vumbi, iache, usiguse kitu mpaka anayejua aone.

Sasa niwaambie kilichonifanya nimwamini huyu mzee wa duka. Kulikuwa na sailensa moja, kile kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki, ndani ya sefu, na karatasi yake ya serikali ya usajili. Nilimpelekea kwenye begi pamoja na vingine, akarudisha mikono nyuma hakutaka hata kuigusa. Hizo zinaendeshwa na sheria ya mwaka 1934 na zimesajiliwa kwa jina la mwenye nazo, akifa anayezishika ni msimamizi wa mirathi peke yake, hata kumwachia duka akutunzie ni kosa. Msimamizi anajaza Fomu namba 5 ya ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha, kwenda kwa mrithi, kodi hakuna, mnasubiri kibali ndo inahama. Mtu mwingine angesema iache tu hapa tutaona. Mama mkwe ndo msimamizi, akaibeba akarudi nayo ndani ya gari anaendesha maili arobaini kwa saa.

Na shemeji yangu wa Oklahoma, ambaye baba mkwe alimwandikia tatu kwa kalamu nyekundu na kwenye wosia pia zimo, sisi tulijua lazima zipitie duka kwa sababu ni jimbo lingine. Mzee wa duka akasema hapana, kitu ukirithi kwa wosia sheria ya shirikisho inaruhusu kuvuka jimbo bila kupitia kwake, ilimradi sheria za kwao zinamruhusu kuwa nayo. Angeweza kutukata ada akakaa kimya. Kuna binamu mmoja wa mume wangu naye aliandikiwa shotigani, huyo aliwahi kufungwa kwa kosa kubwa, basi haruhusiwi hata kuishika, ikauzwa akapewa hela yake.

Hii inayofuata ni ya kwetu hasa. Mdogo wangu alikuja kunisaidia kubeba, yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Ameshika mkoba wa bunduki mbili, mzee wa duka anamsalimia, anamuuliza anasoma wapi, yuko kwa viza gani, akijibu tu mzee akamwambia weka hapo mezani kijana wangu, usibebe tena. Mwenye viza ya muda haruhusiwi kushika silaha wala risasi hapa Marekani, kuna visamaha vichache kama kuwa na leseni ya kuwindia, yeye hana. Mwenye grinikadi ni sawa. Jamani mi niliishi hapa miaka tisa sikujua, na ningemwachia huyo mtoto funguo za nyumba na sefu liko wazi.

Kosa letu wenyewe: kwenye kuhamisha tukapeleka mpaka ile bunduki ndogo ya .22 ambayo mume wangu alifundishwa nayo akiwa na miaka saba. Jioni anaitafuta haipo. Tukarudi kesho yake, imeshaandikwa kwenye kitabu cha duka, na ikishaingia kwenye kitabu hata kurudishiwa mwenyewe ni kujaza Fomu 4473 na kuchunguzwa kama mnunuzi. Mume wangu alisimama kwenye kaunta anajaza fomu ya bunduki ya baba yake, pale kwenye mstari wa anwani akaandika anwani ya utotoni, ikabidi apewe fomu nyingine. Hawakutuchaji.

Risasi walichukua nusu bei, maboksi mengine yana stika za duka lililokufa zamani.

Wamefunga Jumatatu. Ukienda, bunduki iache kwenye gari bila risasi, ingia kwanza mikono mitupu useme umeleta nini, na umuulizie mwenye duka, sio kijana wa kaunta.