Ukumbuu na pini ya wanawake waliodai kura: kimoja kinafaa, kingine hakifai

Niliagiza kwa posta seti yenye nakala za vitu viwili vilivyovaliwa na wanachama wa WSPU, chama cha kudai kura za wanawake kilichoanzishwa na Emmeline Pankhurst huko Manchester, Uingereza, mwaka 1903: ukumbuu unaovaliwa kutoka begani hadi kiunoni, na pini ya kifuani waliyotunukiwa waliofungwa jela, maarufu kwa jina la gereza la Holloway.

Ukumbuu umenisikitisha. Rangi za chama hicho, yaani zambarau, nyeupe na kijani, zilichaguliwa mwaka 1908 na Emmeline Pethick-Lawrence, mweka hazina wake, ambaye alizipa maana ya heshima, usafi wa maisha ya faragha na ya hadharani, na matumaini. Tarehe 21 Juni mwaka huohuo, wanawake walioandamana kuelekea Hyde Park, London, waliombwa wavae nguo nyeupe ili rangi hizo zijitokeze. Vazi la namna hii likikosea rangi, limekosea karibu kila kitu. Zambarau ya huu nilioletewa inaelekea kwenye buluu, na nilipoufua mara moja tu kwa maji baridi ulichuja, mstari mweupe ukaingia madoa. Sisi tuliolelewa na mama wanaoloweka kanga mpya kwenye maji ya chumvi kabla ya kuivaa hatuwezi kulifumbia macho jambo hilo. Maandishi ya kudai kura nayo yamekwisha kuanza kubanduka penye mikunjo.

Pini imetengenezwa na mtu anayeielewa. Ile ya asili, iliyobuniwa na Sylvia Pankhurst, binti yake Emmeline Pankhurst, na kuanza kutolewa mwaka 1909, ina umbo la lango la chuma ambalo ni nembo ya Bunge la Uingereza, na juu yake umewekwa mshale mpana uliokuwa ukipigwa chapa kwenye nguo za wafungwa. Alama ya kumwaibisha mfungwa waliitia rangi zao tatu, wakaivaa kifuani kwa fahari. Katika nakala hii minyororo miwili ya pembeni inaning'inia na kucheza unapotembea, na rangi za mshale zimejazwa ndani ya chuma, hazikupakwa juujuu. Kishikizo chake kimelegea kidogo, kwa hiyo mimi huivaa kwenye koti zito.

Muuzaji huuza pini peke yake pia, nami ningewashauri mnunue hiyo tu. Ukumbuu nimempelekea fundi cherehani, pamoja na vipande vitatu vya pamba isiyochuja, anishonee mwingine.