Gari linagonga, gereji inaniambia niongeze sauti ya redio

Hasira bado ninazo, kwa hiyo mnivumilie. IST yangu ilianza kugonga mbele upande wa abiria, ko-ko-ko, hasa tairi moja likiingia shimoni au nikiingia barabara yetu ya vumbi kule Goba. Kwenye lami safi, kimya. Kwenye tuta, matairi yote mawili yakipanda kwa pamoja, kimya vilevile. Yote haya niliyaeleza pale mapokezi, taratibu. Kijana akaandika neno moja tu: shokapu.

Hakuna aliyepanda gari na mimi kwenda kusikiliza. Hakuna aliyeinama na tochi. Likapandishwa, zikafungwa shokapu mpya, laki tatu na kitu ikaondoka. Niseme haki, pale ni pasafi, risiti wanatoa, na gari wanakurudishia limeoshwa. Wengine huenda wanahudumiwa vizuri.

Natoka getini, shimo la kwanza: ko-ko-ko ileile.

Nikageuza. Msimamizi wao, salamu yangu hakuitikia, simu iko sikioni, akanijibu mbele ya wateja: "Dada, hilo gari la mtumba, lazima lipige kelele. Ongeza sauti ya redio." Watu wakacheka. Jamani! Chuma kugonga chuma si uzee, ni kitu kimelegea. Na kikilegea kwenye miguu ya mbele utakizibaje kwa redio? Je, ingekuwa boljointi, kile kiungio kinachoshikilia mguu wa tairi? Ikichomoka, tairi linalala palepale barabarani, na mimi nabeba watoto wa shule humo.

Nilikuja kusaidiwa na fundi mmoja Tabata, mzee anayefanyia kazi chini ya mwembe. Kwanza alisema, "Twende nalo, dada yangu, nilisikie." Akashusha kioo, akaniomba nipitishe tairi moja tu kwenye shimo. Tuliporudi hakugusa hata jeki. Aliingiza mkono nyuma ya tairi, akashika linki ya stabilaiza, kile kijiti kinachounganisha mguu wa tairi na fimbo ya chuma inayopita kati ya matairi mawili ya mbele, akaitikisa. Ko-ko. Akaniambia nishike mwenyewe: inacheza kama jino bovu. Akanieleza kwamba matairi yote mawili yakipanda pamoja, ile fimbo ya stabilaiza inazunguka tu, linki haivutwi. Moja likizama na jingine likabaki juu, ndipo linki inavutwa, na kichwa chake kilicholika kinagonga. Yaani jibu lilikuwa ndani ya maelezo niliyowapa wale siku ya kwanza!

Linki mpya mbili nilizinunua Gerezani kwa pesa isiyofika hata robo ya zile shokapu. Kabla sijaondoka akasikia mtetemo mwingine wa kibati, gari likiwa limesimama linanguruma. Ni bati la kukinga joto la ekzosi, bolti yake imeliwa na kutu. Akalizungushia klipu ya chuma, ile ya kubania mipira ya maji, akakaza kwa bisibisi. Hakunitoza.

Juu nimesema wengine huenda wanahudumiwa vizuri pale. Nafuta. Fundi asiyesikiliza gari wala mwenye gari, usafi wa sakafu yake wa nini? Msipeleke magari yenu. Na zile shokapu zangu za zamani, orijino, hazikuwa zinavuja hata tone la mafuta. Nilipoziulizia wakasema zimeshatupwa. Shokapu orijino za mtumba zinauzwa mjini kila siku, nani azitupe? Nazitaka.