Akademi ya mpira anayosoma mwanangu: kocha nampa tisa, ofisi nampa mbili

Kuna wazazi kama watano wameniuliza hii akademi anayoenda dogo wangu ikoje, nikaona badala ya kumjibu kila mtu kwa voisi ya dakika sita bora niandike mara moja. Jina siliweki, wanaoijua wataijua. Iko Dar, wanakodi kiwanja cha nyasi bandia, mtoto ana miaka 12 na tumemaliza mwaka na miezi miwili pale.

Hela kwanza maana najua ndo mnachotaka. Ada ni 100,000 kwa mwezi ila unalipa ya miezi mitatu kwa mkupuo. Kujiunga 50,000. Jezi seti mbili na trakisuti 90,000 na lazima ununue kwao, ukileta ya Kariakoo wanakataa hata kama rangi ni ileile. Njumu unajitegemea na hapo mnisikilize, kwenye nyasi bandia usimnunulie zile za meno marefu sita, nunua za meno mafupi mengi, mi nilinunua mara mbili kwa kutojua na ya kwanza dogo alirudi anachechemea. Alafu weka na bajaji mara tatu kwa wiki.

Sasa kocha wa hawa wadogo. Jamani yule kaka anajua kazi yake. Wiki ya kwanza nilikaa pale pembeni nikitegemea kuona yale ya shuleni, watoto thelathini wamepanga foleni, mpira mmoja, koni nne, kila mtoto anagusa mpira mara moja alafu anarudi nyuma kusubiri robo saa huku anachezea mchanga. Hapa kila mtoto ana mpira wake. Wanaanza na mpira mguuni dakika kumi na tano hivi, alafu anawagawa wanne kwa wanne kwenye viwanja vidogo vidogo vya magoli ya koni, hakuna kipa, wanacheza kweli. Nikamuuliza mbona hamchezi kiwanja kizima kama wakubwa, akanambia mama J, kiwanja kizima mwanao atagusa mpira mara kumi, hapa anagusa mara mia, wewe unalipia kipi? Nikanyamaza.

Na hapigi kelele. Mtoto akipoteza mpira anamuuliza ulikuwa umeona nini, yaani anasubiri jibu, mtoto anafikiria pale pale. Dogo alikuwa hana mguu wa kushoto kabisa, mguu ulikuwa wa kushikia usawa tu kama stendi ya baiskeli, sasa hivi anatoa pasi na kushoto na hata nyumbani anapigia ukuta kwa kushoto mpaka jirani kalalamika. Pia mwaka mzima amemzungusha, leo beki, kesho winga, kuna siku alimuweka golini, dogo alinuna njia nzima. Wazazi wengine walilalamika mtoto wangu ni straika kwanini umemuweka beki, akawajibu kwa upole kwamba miaka 12 hakuna straika. Huyu tisa kati ya kumi, ile moja nimemkata kwa sababu anachelewa sana Jumamosi.

Ofisi ndo kuna shida.

La kwanza ni umri. Kulikuwa na bonanza fulani la vijana wa chini ya miaka 11, meneja akaniita pembeni kwa heshima zote, shikamoo dada, mwanao kaumbwa mdogo, tukimpunguza miaka miwili kwenye fomu pale atang'ara, maskauti, wale watafuta vipaji, watamuona. Anaongea kama ananifanyia fadhila! Nikamwambia cheti cha kuzaliwa kinasema kinachosema, basi, hakwenda. Mi sio mtu wa mpira kivile lakini 2005 naikumbuka, Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17 (U17), tulifuzu AFCON ya U17 ya Gambia tukafutwa kwa sababu ya umri wa mchezaji, watoto wa watu wakabaki nyumbani. Alafu kisu hichohicho kikatubeba sisi, Congo Brazzaville walitutoa kufuzu ya 2017, wakashindwa kumleta mchezaji wao kupimwa MRI, kile kipimo cha mfupa wa mkono cha kuona umri, CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikawaondoa wao tukaenda Gabon sisi. Kule tukatoka sare na Mali, tukamfunga Angola, tukaja kufungwa moja na Niger na Kombe la Dunia la U17 likaponyoka hivihivi. Kwaiyo mtu akiniambia punguza miaka namuona kama anataka kuniuzia mtoto wangu aibu ya baadaye, maana ile mashine ya kupima mkono haisomi fomu.

La pili, Ulaya. Kwenye kipeperushi chao kuna picha ya kiwanja cha Hispania na kuna kitu wanaita safari ya majaribio, mzazi unalipa kama milioni tisa, mtoto anaenda wiki mbili "anaonekana". Kuna baba mmoja pale anataka kuuza kiwanja chake cha kujengea nyumba. Mimi nikampigia shemeji yangu aliyecheza ligi daraja la kwanza, akacheka mpaka akakohoa. Kumbe FIFA kwenye kanuni zao, kifungu cha 19, hawaruhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine akiwa chini ya miaka 18, kuna visababu vichache vya kuachiwa kama wazazi wenyewe wamehamia kule kwa sababu isiyohusu mpira, au mtoto wa ndani ya Umoja wa Ulaya akishafika 16. Barcelona wenyewe, hao wenye akademi ya La Masia, 2014 waliadhibiwa kwa kusajili watoto wa nje na mwaka 2015 wakafungiwa kusajili. Barcelona! Sasa wewe wa Tabata na milioni tisa yako mtoto wa miaka 12 anaenda kusajiliwa na nani? Akirudi na picha na jezi ujue umelipia utalii. Samatta wetu wa Mbagala alipita African Lyon, akaja Simba, 2011 akaenda TP Mazembe ya Congo, Genk ya Ubelgiji amefika Januari 2016 ana miaka 23. Novatus Dismas alilelewa Azam pale Chamazi ndo akatoka kwenda kucheza nje. Hakuna aliyepelekwa na kipeperushi.

La tatu ndo lililonifungua macho, na ndo swali ambalo nyie mkaulize kabla hamjalipa hata mia. Shemeji akaniuliza, mtoto kasajiliwa? Nikasema ndio nimejaza fomu. Akasema sio fomu ya ada, kasajiliwa kwenye mfumo wa shirikisho la mpira kama mchezaji wa akademi? Sikujua hata kama kuna tofauti.

Iko hivi. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya hiyo hela inakatwa na kugawiwa timu zote zilizomlea kuanzia mwaka anaofikisha 12 mpaka 23. Ile miaka minne ya kwanza, 12 hadi 15, kila mwaka ni asilimia 0.25, baada ya hapo 0.5. Inaonekana kidogo ila piga hesabu, mtoto akauzwe siku moja euro milioni 10, timu iliyokaa naye miaka ile minne inavuta euro 100,000. Na tangu mwisho wa 2022 FIFA wana ofisi yao Paris inayozigawa kwa kufuata kumbukumbu za usajili. Kama hukumsajili, haupo kwenye kumbukumbu, hupati.

Nikaenda kumuuliza meneja. Akanambia hayo mambo ya mbele dada yangu, tukifika tutayaona. Nikarudi kwenye bajaji nawaza, huyu ananiuzia Ulaya kila wiki lakini yeye mwenyewe haamini hata kidogo, maana angeamini angekuwa wa kwanza kukimbilia kumsajili, hela ni yake ile, sio yangu. Mtu anayefuga ng'ombe wa maziwa hasahau kumtia alama. Biashara yake yeye ni ile 100,000 ya kila mwezi, mtoto akikua mkubwa akaacha anaingia mwingine.

Mengine madogo: choo cha pale hakina maji mara nyingi, mtoto aende kamaliza. Hawana hata boksi la huduma ya kwanza, kuna siku mtoto kateguka wakaanza kutafuta barafu kwa muuza juisi. Wasichana wanaruhusiwa, wako wanne, na mmoja anawapiga chenga wote pamoja na wangu.

Je naondoka? Hapana bado. Nimemwambia meneja sitalipa tena miezi mitatu, nalipa mwezi kwa mwezi, kakubali kwa shingo upande, na safari zake asiniletee. Mi namfuata yule kocha. Nimesikia kuna kituo kingine kinamtaka, siku akihama namba yake ninayo na dogo njumu anazo.