Mkusanyiko wa kwanza wa burboni: chupa tano, na ipi itangulie

Anayeanza kukusanya burboni, aina ya wiski ya Marekani, huanza mara moja kusikia habari za chupa adimu, zile ambazo watu huzipangia foleni nje ya maduka ya vileo ya Marekani na ambazo huuzwa tena kwa bei mara kadhaa ya ile ya dukani. Ushauri wangu ni kwamba aziache kwanza. Anunue chupa tano za kawaida, kila moja ikiwa na jambo ambalo nyingine hazina, na azifungue zote.

Sheria ya Marekani husaidia sana katika kuchagua. Wiski haiwezi kuitwa burboni mpaka itengenezwe Marekani, nafaka zake ziwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, na ikae katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyobabuliwa ndani kwa moto. Haruhusiwi mtu kuitia rangi wala ladha, isipokuwa maji tu. Kwa hiyo rangi yake ya kahawia na ile harufu ya vanila na sukari iliyoungua vyote hutoka kwenye pipa, na kinachotofautisha chupa moja na nyingine ni nafaka ya pili, hamira, umri, mahali pipa lilipokaa ghalani na kiasi cha maji kilichoongezwa mwishoni.

Nafasi ya kwanza naipa Evan Williams yenye lebo nyeupe, na sioni haya kuitanguliza ingawa ndiyo ya bei nafuu kuliko zote nne zinazoifuata. Tazama lebo yake na utaona maneno Bottled-in-Bond. Maneno hayo yanatokana na sheria ya mwaka 1897, iliyotungwa wakati ambapo wachuuzi walikuwa wakiitia pombe changa rangi na kuiuza kana kwamba ni wiski iliyokomaa. Chupa inayobeba maneno hayo lazima itoke katika kiwanda kimoja na msimu mmoja wa kukeneka, iwe imekaa miaka isiyopungua minne katika ghala linalosimamiwa na serikali, na iwe na kileo cha asilimia 50 kamili. Mnunuzi mgeni hana dhamana nyingine iliyo wazi kama hiyo. Zaidi ya hayo, asilimia 50 ni nguvu inayofaa kujifunzia: unaionja ilivyo, kisha unaongeza kijiko kimoja cha maji na kuona kinachobadilika.

Ya pili ni Maker's Mark, ya Loretto, Kentucky. Burboni nyingi huwa na rai (nafaka iitwayo rye kwa Kiingereza) kama nafaka ya pili, nayo huleta ukali unaokaribia ule wa pilipili manga; Maker's Mark hutumia ngano mahali pa rai, na matokeo yake ni wiski laini inayoegemea utamu. Ile nta nyekundu ya shingoni haihitaji kisu, kwa maana kuna ncha ya utepe inayochomoza, nawe huivuta kuzunguka shingo mpaka nta ikatike. Mimina kidogo katika glasi mbili, hii na Evan Williams, uzinuse kwa zamu kabla ya kuonja. Kwangu mimi zoezi hilo la robo saa lilinifaa kuliko maelezo yote niliyokuwa nimeyasoma.

Wild Turkey 101 inashika nafasi ya tatu. Lebo za Marekani huandika pia kipimo cha zamani ambacho ni mara mbili ya asilimia, kwa hiyo 101 maana yake ni asilimia 50.5. Mapipa yake hubabuliwa kwa kiwango kikali kabisa, na Jimmy Russell, aliyeanza kazi kiwandani hapo mwaka 1954, alijulikana kwa kushikilia mtindo huo mzito hata wakati soko lilipotaka pombe nyepesi. Anayependa wiski yenye nguvu anaweza kuipandisha hadi nafasi ya pili, nami sitabishana naye.

Ya nne ni Four Roses Single Barrel, ambayo kila chupa hutoka katika pipa moja bila kuchanganywa na jingine. Kiwanda hicho hutumia michanganyiko miwili ya nafaka na aina tano za hamira, na hivyo kuwa na mapishi 10. Ya tano ni Elijah Craig Small Batch, kwa ajili ya ladha ya mwaloni iliyokolea, nayo inaweza kusubiri.

Kuhusu kuhifadhi, naomba msomaji asipuuze. Chupa za wiski husimamishwa, hazilazwi kama za mvinyo. Niliwahi kulaza moja kwa miezi mingi, na siku ya kuifungua kizibo kilimomonyoka, kwa kuwa kileo kikali hula vizibo. Nililazimika kuichuja kwa kitambaa, na harufu yake haikurudi kama ilivyokuwa. Weka chupa kabatini, mbali na jua na joto la jiko. Wiski haiongezi umri ikiwa ndani ya chupa, na iliyobaki chini ya nusu hupoteza harufu polepole kwa sababu ya hewa, hivyo ni vyema kuimaliza kabla ya kufungua nyingine inayofanana nayo.

Anayenunua Nairobi au Dar es Salaam akague stempu ya ushuru na kifuniko kabla ya kulipa, na aikimbie bei iliyo chini mno. Anayetoka safarini ajue kwamba kanuni za ndege za Marekani huruhusu lita 5 kwa abiria za kileo kilicho kati ya asilimia 24 na 70, zikiwa bado zimefungwa. Ushuru wa forodha ni hesabu nyingine.

Blanton's na Pappy Van Winkle, ambazo ni miongoni mwa zile chupa adimu, ni wiski nzuri, lakini bei ya walanguzi hailipi tofauti iliyopo. Chupa ya sita iamuliwe na ile itakayoisha kwanza. Ikiwa ni Maker's Mark, tafuta Larceny, ambayo nayo ni ya ngano. Ikiwa ni Wild Turkey, tafuta Rare Breed ya kiwanda hichohicho, inayotiwa chupani bila kupunguzwa kwa maji.