Kufundisha watu wazima kusoma: mmoja mmoja au kikundi?

Ukijitolea kufundisha watu wazima kusoma utaulizwa unataka mwanafunzi mmoja au darasa, mi nasema anza na mmoja. Mkiwa wawili haoni aibu, anakuletea meseji za simu yake au karatasi ya dawa mnaisoma hapohapo silabi kwa silabi, akichanganya nga na ng'a mnarudia hata mara kumi na hakuna wa kumcheka. Shida asipotokea, siku imeenda hiyo. Kikundi nacho kina raha yake, wanasukumana, Paulo Freire, yule mwalimu Mbrazili wa elimu ya watu wazima, alitumia vikundi kule Angicos, Brazil, mwaka 1963, mjadala kwanza herufi baadaye, ila wenye kasi wanawaacha wenzao na we mgeni utachanganyikiwa tu, labda muwe walimu wawili.