Kisanduku cha kuvukia chenye mlio na mtetemo: kinaziweza barabara za Mbeya?

Kisanduku chenyewe, kile cha kwenye nguzo ya taa za waenda kwa miguu, kizuri. Kitufe ni kipana, kinabonyezeka hata kwa kiwiko. Mshale ulioinuka juu yake hutetemeka taa ya mtu wa kijani inapowaka, kwa hiyo hata asiyeona wala kusikia anajua zamu yake kwa kuugusa. Wakati wa kusubiri hulia mara 1 kwa sekunde ili asiyeona akipate. Wakati wa kuvuka mlio hukimbia, mara 8 hadi 10 kwa sekunde. Chagua chenye maikrofoni inayopandisha mlio malori ya barabara kuu ya TANZAM yakipita na kuushusha usiku. Kisicho nayo hupangwa kwa kelele za mchana, na majirani wakishindwa kulala watakiziba kwa tambara.

Balaa liko kwenye muda, na muda haumo ndani ya kisanduku, uko kwenye mtambo wa taa. Barabara ya njia 4 za mita 3.5 ina upana wa mita 14. Fundi akikadiria mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, ataweka sekunde 12 za kumalizia kuvuka. Bibi anayetoka soko la Mwanjelwa na mzigo, akianza kuvuka mtu wa kijani anapokaribia kuzima na kwenda mita 0.9 kwa sekunde, atakuwa amemaliza mita 10.8 tu, na karibu njia ya mwisho yote bado iko mbele yake. Huko ni kumweka mtu mbele ya lori. Dai sekunde 16 za kumalizia kuvuka, mbali na 7 za mwanzo za mtu wa kijani. Dai pia waenda kwa miguu watangulizwe angalau sekunde 3 kabla ya kijani cha magari, maana bajaji zinazokata kushoto hazingoji.

Kitufe kikae kimo cha mita 1.1 hivi. Pembe yenye vivuko viwili iwe na nguzo mbili, ziachane mita 3 au zaidi. Zikibanana, asiyeona hajui ni barabara ipi inayolia.

Mitaro yetu mirefu ndiyo huharibu kazi nzuri: nguzo ikisimikwa ng'ambo ya mtaro usiofunikwa, mwenye kiti cha magurudumu hakifikii kitufe. Funika kwanza. Ukingo wa sentimita 15 unahitaji mteremko wenye urefu wa mita 1.8, usiopungua.

Betri ya akiba ni lazima. Kabla ya kumlipa fundi, mwambie azime umeme na betri, kisha awashe tena: taa zote zianze na nyekundu. Zikianza na kijani, arudi kwenye mtambo.