Kalenda ya safari imeuzwa: nyota moja, ifuteni

Kalenda hii ilikuwa kwenye simu za wenye mashua wengi hapa Lamu, nami ni mmoja wa walioisambaza. Jina silitaji, wanaoitumia wataijua: chanzo huria (msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote), nyepesi, haina matangazo, haiombi mtandao, ikifanya kazi Siyu sawasawa na gatini. Kisha kampuni ikainunua, nasi wenye simu tukawa wa mwisho kujua.

Sasisho liliingia lenyewe. Tangu hapo, ukiifungua, tangazo linajaa kioo kizima, na alama ya kulifunga ni ndogo kama punje ya ufuta. Ukilifunga, unatakiwa kufungua akaunti. Sasa fanya hayo juani, ndani ya chombo, unaelekea Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, mtandao hakuna. Mkanda haupitiki maji yakipwa, na saa ya maji kujaa haikai mahali pamoja, kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Ndiyo maana watu wa safari za Pate na Faza huandika kila safari peke yake, hawawezi kuweka ijirudie saa ile ile kila siku. Kumsimamisha mtu anayewahi maji kwa ukurasa wa kujisajili ni dharau, sina neno jingine.

Lakini hilo ningelivumilia. Lililonichoma ni faili la kuhamishia safari zako kwenye kalenda nyingine. Unalitoa, linakuja la .ics, aina ya faili inayotumiwa na kalenda nyingi, kama kawaida, ukiliingiza kwingine safari zote zimerudi nyuma saa tatu. Ya saa nne asubuhi inasoma saa moja. Sababu yake hii: programu inaandika wakati kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, halafu inaacha herufi Z ya mwisho inayoonyesha kwamba ni UTC. Programu inayopokea inadhani ni saa ya hapa. Saa tatu kabla ya kujaa, maji ndiyo kwanza yamefika nusu, na mashua yenye watu na mizigo inaweza kukwama hapo. Toleo la zamani halikuwa na kasoro hii. Sitasema wamefanya kusudi. Ila mlango wa kuingilia wameupaka rangi, wa kutokea wameuacha umevunjika.

Dawa ipo. Usifute chochote kwanza. Fungua faili kwa programu yoyote ya kuhariri maandishi, tafuta mistari ya DTSTART (saa ya kuanza) na DTEND (saa ya kumaliza). Ukikuta DTSTART:20240310T070000, ongeza Z mwishoni, na DTEND vivyo hivyo. Mistari yenye VALUE=DATE iache kama ilivyo: hayo ni matukio ya siku nzima, kama siku za Maulidi, hayana saa, na ukiyatia Z yanaweza kukataa kuingia. Hifadhi nakala mbili, moja nje ya simu.

Kisha pakua Fossify Calendar, kalenda nyingine ya chanzo huria, kutoka F-Droid, duka la programu huria, uingize faili kupitia mipangilio yake. Linganisha kwa macho safari za wiki ijayo, moja moja, ndipo ufute ile ya zamani. Usijaribu kurudisha toleo la zamani juu ya jipya. Android haikubali toleo la chini likae juu ya la juu, na kama nakala uliyoipata imetiwa saini ya kidijitali kwa ufunguo mwingine, si ule wa mtengenezaji wa iliyomo kwenye simu, inakataa pia. Itakulazimu ufute kwanza, na ukifuta, kumbukumbu zako zinaondoka nayo. Mwisho, iruhusu kalenda mpya isibanwe na kipengele cha kuokoa betri. Simu nyingi zinazouzwa huku huilaza programu usiku, na kengele ya alfajiri hailii.

Fossify yenyewe imezaliwa na mambo haya haya. Mwishoni mwa 2023 Simple Mobile Tools, mkusanyiko wa programu huria za simu, iliuzwa kwa kampuni ya ZipoApps, na waliokuwa wakichangia msimbo wakauchukua wakaendelea nao kwa jina jipya. Kabla yake, 2010, kampuni ya Oracle ilipoichukua kampuni ya Sun, watu wa OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyokuwa ya Sun, walijitenga wakaanzisha LibreOffice. Leseni inaruhusu, na msimbo uliokwisha kutolewa huria haurudi kabatini. Basi mnunuzi analipia nini? Analipia jina, akaunti ya dukani na ule ufunguo wa saini. Akivipata, anaingiza chochote kwenye simu yako kwa njia ya sasisho, na ruhusa ulizompa mwenye kwanza anazirithi bila kukuomba upya. Kilichouzwa ni sisi na simu zetu.

Aliyeiunda simlaumu kwa kuuza. Amefanya kazi miaka, wengi wetu hatukumpa hata shilingi, na kwa alichojenga nilikuwa nimempa nyota tatu. Sasa nimezipunguza. Tangazo la mistari miwili ndani ya programu, mwezi mmoja kabla, lingetosha kila mtu atoe faili lake likiwa zima. Hakuliweka. Nyota moja, na hiyo ni ya zamani zake.

Ambao hamjahama, ingieni kwenye mipangilio ya simu leo, mwiondolee ruhusa ya majina ya simu na ya mahali mlipo, mzime sasisho la kujiendesha kwa programu hiyo, kisha mtoe faili. Ruhusa ya kalenda iacheni mpaka faili liwe mkononi.